Hive kwa daftari la mali kauli: inatosha, ila ina mpaka wake

Kama unatengeneza programu za simu kwa Flutter, zana ya Google ya kuundia programu, na wateja wako ni watu wa biashara ndogondogo, anza na Hive, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe. Mimi niko Ngamiani, Tanga, na nimeitumia kwenye programu ya madeni ya mama mmoja anayenunua samaki kwenye soko la Deep Sea na kuwagawia wachuuzi kwa mali kauli. Asubuhi wanabeba mzigo. Jioni wengine wanaleta hela, wengine kesho, wengine mpaka wafuatwe nyumbani.

Sharti lake lilikuwa moja. "Mwanangu, sitaki kitu cha kunizungukia pale mnadani. Nikigusa jina la mtu, nione deni lake." Na kweli, mchuuzi akiwa amesimama mbele yako na ndoo mkononi, huwezi kumwambia asubiri seva ijibu. Bando nalo likikata, hakuna biashara. Kwa hiyo kila kitu kinakaa ndani ya simu.

Hive haina majedwali wala SQL, ile lugha ya kuulizia hifadhidata za majedwali. Unafungua kisanduku, unatia kitu na ufunguo wake, ukikitaka unakiita kwa ufunguo uleule. Imeandikwa kwa Dart tupu, lugha ileile ya Flutter. Kisanduku cha kawaida kikishafunguliwa, vyote vilivyomo vinapakiwa kwenye RAM, ndiyo maana kusoma hakuna kusubiri kabisa. Ukiandika, RAM inabadilika papo hapo na faili linafuata nyuma. Kwa mambo ya hela, subiri faili limalize kuandikwa ndipo uonyeshe tiki ya kijani. Na hela ziweke namba nzima, usiweke za desimali. Hakuna anayedaiwa nusu shilingi.

Sehemu ya kutulia ni pale unapoeleza umbo la kitu chako. Mchuuzi wangu ana jina, simu na deni, na kila kimoja nimekipa namba: 0, 1, 2. Hive ikihifadhi haiandiki neno "deni", inaandika hiyo namba. Kwa hiyo namba ikishatoka kwa wateja, haiguswi tena. Ni kama barabara zetu za Ngamiani: ya saba haigeuki ya tisa eti kwa sababu wenye nyumba wamehama. Mama alipotaka sehemu ya mdhamini, nikampa 3, na kwa wachuuzi wa zamani ikasomeka tupu bila kuharibu chochote. Ukiifuta 1 leo, usije kuipa kitu kingine mwakani. Na sehemu mpya usiilazimishe kuwa na thamani kama hukuiwekea ya kuanzia, la sivyo rekodi za zamani zitagoma kusomeka.

Kasoro yake kubwa ni maswali. "Nani hajalipa tangu Ijumaa?" Hive haina jibu la moja kwa moja; unapitia rekodi zote mwenyewe na kuchuja. Kwa wachuuzi wa mama mmoja si neno, linaisha kabla hajainua kidole. Miamala ya mwaka mzima ni habari nyingine. Hiyo nimeitenga kwenye kisanduku kivivu, kile kinachopakia funguo peke yake na kusoma rekodi inapoitwa. Mteja akianza kudai ripoti za kila mwezi kwa kila aina ya samaki, mimi nahamia SQLite, hifadhidata ya majedwali inayokaa nayo ndani ya simu, bila ubishi.

Usimbaji, yaani kuficha data isisomeke na mwingine, upo, wa aina ya AES-256, lakini wengi hawajui hili: kinachofichwa ni thamani, funguo zinabaki wazi. Ukitumia namba ya simu ya mtu kuwa ufunguo, umeianika. Tumia namba ya kubuni tu.

Kuhusu uhai wake: Hive yenyewe toleo lake thabiti la mwisho ni 2.2.3, la 2022. Chukua hive_ce, inayoendelezwa na jamii. Ukiijua ile, hii huhitaji kuisoma upya. Kuna watakaokwambia uende Realm, hifadhidata nyingine ya simu. Soma kwanza: MongoDB, walioinunua 2019, walitangaza Septemba 2024 kwamba wanaachana na huduma yake ya kulandanisha data pamoja na vifurushi vyake vya wasanidi. Kwa mradi mpya, sioni sababu.

Jambo la mwisho, na kwa watu wa pwani ni la kwanza: simu inaangukia majini. Hive haikuwekei nakala popote, hiyo ni kazi yako. Nimemtengenezea mama kitufe kimoja. Akikibonyeza jioni, madeni yote yanatoka kama faili la JSON, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa, na kwenda WhatsApp kwa binti yake. Kitufe cha kulirudisha faili hilo kwenye simu mpya kitengeneze siku hiyohiyo, ukijaribu kwa simu tupu kabla hujamkabidhi mteja.