The Trinity Session ya Cowboy Junkies, isikilize usiku taa umezima

Mi ni mtu wa kwaya na dansi la zamani, hawa Cowboy Junkies, bendi ya Wakanada, nilikuwa siwajui kabisa. Sasa usiku wa mwezi wa sita hapa Tabora, ule upepo wa kipupwe unagonga bati, nikavaa hedifoni nikaiweka hii albamu, na wimbo wa kwanza tu nikakaa kitako. Unaitwa Mining for Gold, hauna chombo hata kimoja, ni dada Margo Timmins, mwimbaji wao, peke yake kama dakika moja na nusu hivi, anaimba habari za wachimba dhahabu na vumbi la mwamba linaloingia mapafuni likammaliza mtu bado kijana. Jamani. Sisi tuna ndugu zetu Nzega kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kaka'angu mkubwa kasaga mawe kule miaka minne akarudi na kikohozi ambacho mpaka leo hakijaisha.

Karibu albamu yote walirekodi siku moja, tarehe 27 Novemba 1987, ndani ya kanisa la Holy Trinity pale Toronto, maiki moja imesimama katikati na wao wameizunguka, mwenye chombo cha kelele anakaa mbali, wa taratibu anasogea, sauti ya Margo ikapitishwa kwenye spika isije ikamezwa. Kama ushawahi kurekodi kwaya kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti basi hii hesabu unaijua, besi rudini nyuma, soprano sogeeni! Kanisani walijitambulisha kama Timmins Family Singers wanarekodi kipindi cha Krismasi, na familia kweli wapo, Margo, Michael wa gitaa na Peter wa dramu ni tumbo moja.

Theluji sijawahi kuiona ila nahisi nimeisikia humu. Dramu inapigwa kama kuna mtoto kalala chumba cha pili, kodiani inapumua kwa mbali, noti ikiisha unasikia jengo linaimeza taratibu. I'm So Lonesome I Could Cry, ule wa Hank Williams, mwimbaji wa country wa Marekani, wa 1949, wameuvuta polepole mpaka unaona giza. Working on a Building ndo uko karibu na sisi watu wa kwaya, wimbo wa dini ila wameuimba kama watu wanaonong'ona.

Katikati panachosha kidogo, 200 More Miles na Dreaming My Dreams with You zinafuatana mwendo uleule, kama umechoka usingizi unakupitia. Na msiikopi hovyo, mimi mara ya kwanza, kabla ya usiku ule, niliwekewa kwenye flashi kibanda kimoja mjini, imebanwa mpaka ule mwangwi wa kanisa haupo, nikaiona albamu mbovu nikaiacha miezi miwili, imeniuma sana.

Kaka nimempa asikilize ule wa kwanza, nikawa namtafsiria mstari kwa mstari. Ulipoisha akasema rudisha mwanzo.