Intaneti ya Nyumbani Ikisuasua, Ununue Nini Kwanza?

Maduka ya mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, na yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, hayakosi kitu cha kumuuzia mtu ambaye waifai yake inasuasua. Kuna ruta zenye antena sita, ripita za kuchomeka ukutani, waya za kila rangi, visanduku vya 5G. Kampuni ya intaneti nayo iko tayari kukupandishia kifurushi kwa simu moja tu. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao ya majumbani, na linaloniuma ni kuona familia ikianza na kifurushi, ambacho italipa kila mwezi, wakati intaneti inafika sebuleni ikiwa nzima kabisa na kufia ukutani kabla ya kufika chumbani. Kwa hiyo orodha hii ya vitu vya kununua nimeipanga kwa faida utakayoiona kwa kila shilingi utakayotoa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima

Chukua laptop, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa LAN (waya wa mtandao), kisha zima waifai ya laptop hiyo. Waombe wa nyumbani waache YouTube kwa dakika chache, na simu zinazosasisha programu zitolewe kwenye mtandao. Fungua speedtest.net au fast.com. Andika namba tatu kwenye karatasi: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na pingi, yaani milisekunde ambazo ujumbe unachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Baada ya hapo chomoa waya, nenda chumba kile mnacholalamikia, washa waifai, pima tena. Rudia asubuhi, kisha kati ya saa mbili na saa nne usiku, maana huo ndio muda ambao mtaa mzima umeshika simu. Kama laptop yako haina tundu la LAN, tafuta adapta ya USB, au simama hatua mbili kutoka kwenye ruta na utumie bendi ya gigahezi 5, mara nyingi ni lile jina la waifai linaloishia na 5G.

Sasa soma karatasi yako. Ikiwa kwa waya unapata kile unacholipia na chumbani unapata robo yake, ugonjwa uko ndani ya nyumba na dawa yake inauzwa dukani. Ikiwa hata kwa waya ni pungufu kutwa nzima, ugonjwa uko kwa kampuni au kwenye laini inayoingia kwako, na ruta mpya haitakusaidia. Ikiwa asubuhi ni nzuri na usiku inaanguka, hata kwa waya, basi mnagombea njia moja na majirani.

Namba hizo za kasi ni za megabiti kwa sekunde (Mbps), wala si megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20 kinashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la gigabaiti moja litachukua kama dakika saba. Hapo hujaibiwa chochote. Na Mbps 20 zinazofika kweli si haba: Netflix yenyewe inapendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na Mbps 15 kwa 4K. Nyumba ya watu watano inaishi vizuri na Mbps 20 au 30, mradi zifike kwenye kila chumba.

Kuhusu pingi, jua kwamba Speedtest kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu nawe, hivyo ukiwa Dar es Salaam utapimwa na seva ya Dar es Salaam. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kebo ya baharini kutoka kwetu hadi Ulaya ni maelfu ya kilomita, kwa hiyo mchezo au mkutano ambao seva yake iko Ulaya utakuwa na pingi inayokaribia au kuzidi milisekunde 100 hata ununue nini. Na kuna siku ambazo nchi nzima inalala. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo usiende dukani.

Jambo la bure pia lisirukwe, nalo ni kuisogeza ruta. Fundi wa faiba huiweka pale waya ulipoingilia: nyuma ya televisheni, pembeni ya friji, au ndani ya kabati lenye mlango. Kuta zetu za tofali za saruji, na zege lenye nondo kati ya ghorofa na ghorofa, hunyonya mawimbi vibaya sana. Ipandishe juu, iweke koridoni au katikati ya nyumba, wazi. Siku ya kufungiwa ndiyo siku ya kumwomba fundi avute waya mita chache zaidi. Baada ya hapo atakutoza.

Nafasi ya kwanza: waya wa LAN

Najua watu hawapendi waya. Lakini hakuna kitu cha bei ndogo kiasi hiki kinacholeta tofauti kubwa kiasi hiki. Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayozidi urefu huo. Televisheni haitembei, kompyuta ya mezani haitembei. Vifungie waya, na waifai itabaki na nafasi ya kutosha kwa simu.

Ukifika dukani, shika waya wenyewe usome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. Tafuta CAT5E au CAT6. Ukiona CCA, maana yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Hukatika upesi ikikunjwa na hupoteza nguvu kwenye masafa, kwa hiyo omba wa shaba tupu. Mwambie muuzaji akukatie kutoka kwenye boksi kwa mita, na hapohapo akubanie vichwa vya RJ45. Kisha tazama kwenye kichwa hicho, ambacho plastiki yake inaonyesha ndani: nyuzi nane zote ziwe zimefika mwisho. Fundi mvivu akibana nne tu, waya utafanya kazi, lakini hautavuka Mbps 100, nawe utailaumu kampuni mwaka mzima. Nyumbani usiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme.

Nafasi ya pili: ruta ya bendi mbili

Angalia kwanza kama kisanduku ulichopewa na kampuni hakina tayari bendi mbili. Mara nyingi unaona majina mawili ya waifai, moja likiishia na 5G. Hiyo 5G haihusiani kabisa na 5G ya simu. Ni gigahezi 5. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye ghorofa za kupanga utakuta majirani kumi wamejazana humo, pamoja na maikrowevu na bluutuuthi. Ya gigahezi 5 haifiki mbali, ila ni tulivu na ina kasi. Sebuleni na chumba cha jirani tumia hiyo.

Kama unanunua, usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya bendi zote mbili, takriban 300 na 867, tena kwa hesabu ya karatasi. Hakuna simu itakayoipata yote. Kilicho muhimu kimefichwa nyuma ya boksi kwa maandishi madogo, nacho ni matundu. TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote huuzwa kama AC1200, lakini matundu ya C50 ni ya Mbps 100 na ya C6 ni ya gigabiti. Kwa kifurushi cha Mbps 20 hutaona tofauti. Kwa kifurushi cha 150, C50 inakukata theluthi ya unacholipia kabla intaneti haijaingia nyumbani. Ile TL-WR840N ya bei ya chini ni ya bendi moja. Ninaikubali kwa chumba kimoja cha kupanga, basi.

Wi-Fi 6, toleo jipya kuliko Wi-Fi 5, inafaa kama nyumba ina simu nyingi na simu zenyewe ni mpya. Kwa wengi wetu Wi-Fi 5 yenye matundu ya gigabiti inatosha.

Kuna kitu kingine ambacho ningekilipia kwa moyo mweupe: ruta inayoweza kugawa njia, kwa menyu iitwayo QoS. Mtu mmoja akianza kupandisha picha zake za harusi Google Photos, njia ya kupakia hujaa, na nyumba nzima husimama ingawa Speedtest inaonyesha kasi nzuri ya kupakua. Jaribu mwenyewe: pima pingi kukiwa kimya, kisha pima huku simu moja inapandisha video. Ikipanda kutoka 20 hadi 400, hapo ndipo QoS inapolipa gharama yake.

Nafasi ya tatu: kituo cha pili cha waifai

Nyumba ndefu, nyumba ya ghorofa, au yenye banda la uani haitashibishwa na ruta moja, hata iwe na antena ngapi. Vuta ule waya wa LAN hadi upande wa pili, mwishoni weka kituo kingine cha waifai. Ruta yako ya zamani inaweza kazi hiyo: zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), ipe anwani isiyogongana na ruta kubwa, chomeka kwenye tundu la LAN badala ya WAN, lile la kupokelea intaneti.

Meshi, yaani seti ya vituo vya waifai vinavyofanya kazi pamoja kama TP-Link Deco, hurahisisha haya yote kwa sababu jina la waifai ni moja na simu inahama yenyewe unapotembea. Ni ghali, na ubora wake unategemea umbali. Kifaa cha pili kikae katikati ya njia, mahali ambapo ishara bado ni nzuri. Watu hukipeleka kulekule kwenye chumba kilichokufa, kikakosa cha kusambaza. Ukiweza kuviunganisha kwa waya, fanya hivyo.

Nafasi ya nne: kubadili huduma

Hapa ndipo uje ikiwa kipimo cha waya kilikuwa kibaya. Faiba ikipita mtaani kwako, chukua faiba; pingi yake ni ndogo na mvua haiisumbui. Isipopita, tazama 5G: Vodacom ilizindua yake Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ikaifungua kibiashara Kenya Oktoba mwaka huohuo, ila haijafika kila mtaa. Usilipe mpaka umeijaribu ndani ya nyumba yako, usiku, kwa simu ya rafiki yenye 5G.

Ruta ya 4G bado inawabeba watu wengi, na mahali pa kuiweka ni nusu ya kazi. Kwenye ruta nyingi za Huawei fungua 192.168.8.1, tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa, soma RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Karibu na -80 ni nzuri sana; ikishuka chini ya -110 utateseka. Zunguka nayo dirisha kwa dirisha, ukisubiri namba itulie kila mahali. Chumba cha upande wa mnara kinaweza kukupa kasi mara mbili bila kununua kitu. Kama ina matundu ya antena, antena ya nje juu ya paa la bati ni ununuzi wa maana, kwa sababu bati ndilo linalozuia.

Satelaiti za Starlink huzunguka kilomita kama 550 juu ya dunia, tofauti na zile za zamani zilizo juu ya kilomita 35,000, ndiyo maana mkutano wa video unawezekana. Rwanda imekuwa nayo tangu Februari 2023 na Kenya tangu Julai mwaka huo. Kwa shamba, kambi au shule ya mbali ningeiweka ya kwanza bila kusita. Mjini ni habari nyingine: Novemba 2024 iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Na ukiwa katika nchi ambayo haijaipa leseni, usinunue sahani iliyovushwa mpakani. Ikizimwa hakuna wa kumlalamikia.

Nafasi ya tano: kifurushi kikubwa zaidi

Panda tu ikiwa kwa waya unapata kila Mbps unayolipia na bado hazitoshi nyumba nzima ikiwa macho. Kabla ya kusaini uliza kuhusu ukomo wa matumizi, kwa sababu vifurushi vingi visivyo na kikomo hupunguzwa kasi baada ya gigabaiti kadhaa. Uliza pia kasi ya kupakia, ambayo matangazo huisahau.

Nafasi ya mwisho: ripita ya ukutani

Ripita ya bendi moja inasikiliza na kusema kwa chaneli ileile, hivyo kasi hukatwa karibu nusu. Inafaa kwa WhatsApp pale kibarazani, si kwa mwanafunzi mwenye darasa la video. Vile vikuzaji vya mawimbi ya simu visivyo na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au ya mamlaka ya Kenya, viache kabisa. Huvuruga mnara na kuwaumiza majirani.

Kitu kimoja hakimo kwenye orodha kwa kuwa hakiongezi kasi, lakini ninakipendekeza kwa kila nyumba: UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoiwasha umeme ukikatika. Soma volti na ampea kwenye kibandiko cha ruta, nyingi ni volti 12, na ununue inayolingana. Wenye faiba wahakikishe inalisha kisanduku cha faiba na ruta, vyote viwili.

Chochote utakachonunua, dai risiti na uliza siku za kurudisha. Siku hiyohiyo pima tena chumba kilekile, saa ileile, uandike chini ya namba za mwanzo. Zisipobadilika, rudisha kifaa kikiwa na boksi lake. Na kama tatizo ni la kampuni, karatasi hiyo yenye tarehe na saa ndiyo utakayowasomea huduma kwa wateja. Wasipoitika, ipeleke TCRA, au kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya.