Jumba la Makumbusho ya Vibamba vya Mianzi, Changsha
Jumba hili la mkoani Hunan, nchini China, linamfaa sana anayetaka kujua watu waliandikia kwenye nini kabla karatasi haijaenea. Hazina yake kuu ni vibamba, yaani vipande vyembamba vya mianzi vilivyoandikwa, vya ufalme wa Wu, vya karne ya 3, vilivyofukuliwa mwaka 1996 katika kisima cha kale huko Zoumalou, mjini Changsha. Navyo, kwa maoni yangu, vinapita kwa thamani maandishi mengi ya kifalme, kwa kuwa vimehifadhi hesabu za kodi na orodha za kaya za watu wa kawaida. Mianzi ilipasuliwa, ikakaushwa motoni isiliwe na wadudu, ikaandikwa kwa brashi na wino kutoka juu kwenda chini, kisha ikaunganishwa kwa kamba. Mgeni asivipitie kwa haraka.