Uzoefu wangu: Walimfutia mzee ubao kabla hatujamaliza kusoma

Nianze na jambo lililonifanya nishike simu niandike. Mratibu wa kozi ya Kiarabu niliyolipia hapa Mbeya mjini aliingia darasani na dasta mkononi, akaanza kufuta ubao mgeni wetu akiwa bado amesimama mbele yake na chaki yake. Mzee anayekaribia miaka themanini, hata shikamoo hakupewa. Vumbi la chaki likamwangukia kwenye koti, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyekosea nyumba.

Kozi yenyewe sitaielezea sana, matangazo yao mnayaona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, tena Mmoraviani, na wapo walioniuliza Kiarabu cha nini. Nilijiandikisha kwa sababu waliahidi wahadhiri waalikwa watakaotufundisha utamaduni, si sarufi tu. Wiki za mwanzo tulikariri herufi 28 na salamu za uwanja wa ndege. Kijana anayetufundisha ana bidii, simlaumu, ila nilikuwa nimeanza kuchoka.

Halafu siku moja, kwenye ile baridi yetu ya katikati ya mwaka, akaja huyu mzee wa Unguja aliyeishi Maskati, kule Omani kwenye Ghuba ya Uarabuni, miaka mingi. Alibeba chupa ya kahawa na vikombe vidogo visivyo na mkono, finjani. Kahawa aliinunua hapa hapa, ya Mbozi, akaitia iliki. Akasema, "Wanangu, kahawa yenu inaitwa arabika, na hamjapata kuinywa Kiarabu." Akamimina kidogo sana, tukadhani anabana ili itoshe. Kumbe kule Ghuba kumjazia mgeni kikombe ni kama kumwambia anywe aondoke. Unapokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka unakitikisa kikombe unapokirudisha. Usipotikisa, mwenyeji ataendelea kukumiminia. Tulikaa na vile vikombe viganjani tukipasha mikono moto, na hakuna aliyetazama saa.

Kisha akaandika herufi tatu tu: kaf, te, be. Akatuuliza tuna maneno gani ya Kiswahili yenye sauti hizo kwa mpangilio huo. Kitabu, mmoja akasema. Katibu. Maktaba. Mimi nikasema mkataba, na mwili ukanisisimka, maana nimefundisha miaka yote hiyo sijawahi kuyaona maneno hayo manne yamekaa nyumba moja. Tukaingia kwenye elimu, mwalimu, taaluma. Akatufundisha kaf nyingine, ile inayotoka kwenye shina la ulimi, kwa sababu ukiikosea, anayesema "moyo wangu" atasikika anasema "mbwa wangu". Sisi Waswahili tumezifanya zote k, ndiyo maana hatuogopi. Katika saa moja na nusu nilijifunza zaidi ya wiki zote zilizotangulia, na hapo nilikuwa tayari kuwapa kituo hiki sifa zote.

Mwisho akatoa mfukoni karatasi, nakala ya barua ya babu yake aliyoiandika akiwa Maskati. Lugha ni Kiswahili, herufi ni za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi. Akanakili mstari mmoja ubaoni, tukaanza kuusoma kutoka kulia, kwa pamoja, kwa shida na kwa raha. Mwandiko ule wa zamani hauna v, wanatumia fe. Hauna e wala o, maana alama za irabu ni tatu tu, za a, i na u, kwa hiyo unasoma kwa kuijua lugha yako. Tukasema "ikifuma", mzee akatabasamu akangoja, mama mmoja nyuma akapiga kelele "ikivuma!" Kaskazi ikivuma nitakuja na...

Hapo ndipo dasta ilipoingia. Na alianzia kushoto, yaani mwisho wa sentensi, palepale ambapo hatujafika. "Mzee wangu, muda umekwisha, kuna kikao cha harusi saa kumi na mbili." Finjani bado ziko mezani, moja ina kahawa.

Nilisimama nikamwomba dakika tano. Akanijibu mbele ya darasa zima: "Mwalimu, hii si kozi ya historia. Mlilipia lugha." Lugha ipi? Ile ya uwanja wa ndege? Mtu anakuja amebeba barua ya babu yake, unamfukuza kama anayedaiwa kodi, halafu unasema tulilipia lugha!

Msijiandikishe. Nasema hivyo nikijua ukumbi kweli ulikuwa umekodishwa, watu wa kikao walikuwa wamejaa mlangoni, na pengine naye alikuwa amebanwa. Lakini asingeshindwa kusema "samahani mzee" na kumwacha afute mwenyewe. Na ukweli mwingine unaoniuma ni kwamba bila kituo hiki nisingekutana na mzee yule. Wao ndio waliomwita. Kwa hiyo nasitasita kidogo. Mkisikia wameleta mgeni, nendeni mkamsikilize. Ada ya kozi nzima, hapana. Nikikumbuka lile koti lilivyokuwa jeupe kwa chaki, hapana kabisa.

Nilimbebea chupa yake hadi kituo cha bajaji. Nikamwuliza, "Baba, babu yako angekuja na nini?" Akaomba karatasi. Nilichokuwa nacho mkobani ni risiti ya ada tu, akageuza nyuma yake akaandika neno moja kwa kalamu yangu, taratibu, akinionyesha kila herufi inavyoshikana na mwenzake. Alipoondoka nikalisoma mwenyewe chini ya taa ya duka. Mara ya kwanza nikapata "tindi". Nikakumbuka alichosema kuhusu irabu. Tende.

Nimeomba nirudishiwe nusu ya ada. Wanasema lazima nikabidhi risiti halisi, nakala hawapokei. Sitaikabidhi.