Eti "toa nyama, kula tambi": nilivyokula Bangkok

Nianze na lililonikaa kooni. Mtu akiniuliza leo chakula cha Thailand kikoje, kinachonijia kwanza ni sauti ya yule kijana aliyetutembeza kuonja vyakula akiniambia, mbele ya Wazungu sita: "Toa nyama, kula tambi."

Mimi Bangkok nakwenda kufuata mzigo. Nguo za Pratunam, soko la nguo la huko, siku nne tano, nafunga, naondoka. Miaka yote hiyo nimeishi kwa mkate, ndizi na biskuti. Nikirudi Kariakoo watu wananiuliza, "Huko mnakulaga nini?" sina jibu. Safari hii nikasema sizeeki hivi. Nikalipia matembezi ya jioni ya kuonja vyakula vya asili, hela unaitanguliza kwa simu. Palikuwa na sehemu ya kuandika usichokula. Nikaandika: sili nguruwe, wala chochote kilichopikwa naye. Jibu likaja hata simu sijaiweka chini: hakuna tatizo.

Hakuna tatizo! Wakatupeleka Yaowarat.

Kwa asiyepajua, Yaowarat ni mtaa wa Wachina. Mabango ya taa juu, magenge yamebanana chini, na kitimoto ndiye mwenye nyumba. Kituo cha kwanza tukapewa hoi thot, chaza waliokaangwa na unga na mayai. Nikauliza, mafuta gani haya? Kijana anasema ya kawaida. Ya kawaida kwa nani? Nikaacha. Kituo cha pili ndipo penyewe: kuay jap. Ni tambi pana za mchele zinazojikunja zikiiva, zinakuwa kama vijisigara, ndani ya mchuzi wa pilipili manga unaopanda mpaka puani. Harufu yake nzuri, sitasema uongo. Ila humo ndani kuna utumbo, kuna ini, na juu yake vipande vya kitimoto vilivyokaangwa mpaka ngozi inalia.

Nikamwambia, hiki si changu. Akacheka. Halafu akachukua uma wake mwenyewe, akaingia bakulini mwangu, akaanza kuchambua kipande kimoja kimoja kama anamtolea mtoto miiba ya samaki. "Toa nyama, kula tambi. Huo ni mchuzi tu."

Mchuzi tu! Umetoka wapi, bombani? Wale Wazungu wakajifanya wanatazama bakuli zao. Mama mmoja mtu mzima akanisogezea chupa ya maji, na hiyo ndiyo huduma pekee niliyoipata usiku ule.

Kuanzia hapo nikawa mtoto wa shughuli, wenzangu wanakula, mimi napewa peremende. Nikanunuliwa khao niao mamuang, wali wa kunata na embe. Sasa hapa mtanisamehe, maana nilikuwa na hasira na bado nikaumaliza. Wali unapikwa kwa mvuke, unalowekwa tui lenye sukari na chumvi kidogo, embe bivu pembeni, kisha unamwagiwa tui zito juu. Kwetu Tanga ukimwekea mgeni embe juu ya wali wa nazi atauliza kama una homa. Baadaye zikaja khanom krok, unga wa mchele na tui, zinachomwa kwenye chuma cha mashimo. Hivyo ni vitumbua, watu wangu. Vidogo, laini katikati, vingine vimenyunyiziwa majani ya kitunguu, lakini vitumbua. Nilikula vinane nikiwa nimenuna.

Nilitaka nimalizie hapa, niwaambie Muislamu asihangaike na chakula cha Kithai. Ingekuwa uongo. Kesho yake nilitoka Pratunam kwa miguu mpaka Phetchaburi Soi 7, kwenye msikiti wa Darul Aman, na kichochoro kizima ni vyakula vya halali. Kuna khao mok, wali wa manjano na kuku, vitunguu vya kukaanga juu na kachumbari ya kijani yenye utamu na ukali. Wenyewe wanauita biriani. Mimi nasema ni pilau lililotiwa manjano, ila sikubishana. Kuna supu ya mkia wa ng'ombe, ndimu na pilipili mpaka machozi. Anayejua supu ya asubuhi atanielewa. Na kuna massaman: nyama, viazi, karanga, ukwaju, tui, iliki, karafuu, mdalasini. Mama muuzaji akanipa salamu ya Kiislamu, akanipakulia, akaniongezea mchuzi bila kuombwa. Miaka yote ile ya biskuti, na hiki kilikuwa mwendo wa miguu tu!

Som tam nayo msiikose. Papai bichi, lile tunalolainishia mishkaki, linachanwa nyuzinyuzi na kutwangwa kinuni kidogo na pilipili, ndimu, sukari ya mnazi na sosi ya samaki yenye chumvi. Agiza som tam thai, yenye karanga na kamba wakavu. Ile ya pla ra ina samaki waliochachushwa. Mimi harufu ilinishinda. Na ukiulizwa "phet mai?", yaani unataka kali, usilete ubabe wa pwani. Mimi nilileta. Tuyaache hayo.

Sasa, haki ya mtu. Maneno "mai sai mu", usiweke nguruwe, nilifundishwa na kijana yule yule akinisindikiza kwenye treni usiku ule, nadhani kwa aibu. Yalinifaa siku zote zilizobaki. Labda kosa si lake. Labda ujumbe wangu haukumfikia, katumwa tu. Nilishaanza kumhurumia kabisa, nikafikiria hata kuwapa nyota tatu.

Halafu kampuni ikajibu malalamiko yangu. Hela hairudi, wanasema, kwa sababu matembezi "yalikamilika". Badala yake wamenipa kuponi ya punguzo nikarudie. Njia ile ile, Yaowarat!

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya vitumbua. Kuponi ninayo kwenye simu, anayekula kitimoto aje nimtumie.