Darasa la video la mbinu za kusoma: mwalimu hodari, nafasi ya kusoma hakuna

Mwanangu yupo Kidato cha Kwanza hapa Tanga, na shida yake ni ile ya wengi: shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, sasa vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Kutamka anatamka vizuri, ila muulize alichosoma, kimya. Ndipo nikamlipia darasa la video la mbinu za kusoma, jioni, kwa simu yangu.

Mwalimu anaijua kazi yake, hilo nalisema wazi. Anafundisha zile hatua tano alizoziandika Francis Robinson wa Marekani mwaka 1946: pitia vichwa vya habari, vigeuze viwe maswali, soma ukitafuta majibu, funga kitabu ujisimulie, kisha urudie. Tena anasoma kwa sauti huku akitaja anachowaza, mtoto anaona kumbe hata msomaji mzuri hukwama akarudi nyuma.

Sasa, mtoto mwenyewe asome saa ngapi? Aya inatokea kwenye kioo, maandishi madogo kama sisimizi. Ukiyakuza, nusu ya mstari inapotea. Hajafika katikati, ukurasa umebadilishwa. "Mama, ameshahama tena," ananiambia. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, wote wanaandika "ndiyo". Darasani angepita kwenye madawati akaona kidole cha mtoto kimegota kwenye neno gani. Huku haoni kitu, kamera zimezimwa kuokoa bando.

Kilichotusaidia ni karatasi. Ile aya niliipeleka steshenari Ngamiani wakanichapia, tukairudia mezani. Siku nyingine tukachukua habari ya mkonge, zao lililoletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Nikamwambia kichwa cha habari akigeuze swali. Akafikiri, akaandika: "Kwa nini walileta mkonge, wasilete chakula?" Kisha akasoma na kalamu mkononi, anapiga mistari, akarudi juu mwenyewe bila kuambiwa. Nilifurahi sana, maana hilo hakuwa akilifanya kabla.

Kwa mzazi mwenye nafasi ya kukaa naye, lipia. Mtoto wa kuachiwa simu peke yake, hapana, pesa itapotea. Nanyi wenye darasa, tumeni aya mapema tuchapishe, mnyamaze dakika chache watoto wasome, halafu waiteni mmoja mmoja wasimulie. Mkirekebisha hayo, na mdogo wake namlipia.