TonUINO: kisanduku cha muziki cha kadi kwa watoto wadogo (uzoefu wangu)

Mtoto anaweka kadi juu ya kisanduku, muziki unaanza. Hiyo ndiyo kazi yote ya TonUINO, na ndiyo sababu nakipenda. Hakina kioo cha kugusa, hakihitaji intaneti, wala hakimdai mtoto ajue kusoma. Ni mradi wa kujiundia mwenyewe ulioanzishwa na Mjerumani Thorsten Voß. Programu yake inatolewa bure na vipuri vyake ni vya kawaida. Kwa mtoto wa kati ya miaka mitatu na saba sijaona njia bora ya kumkabidhi mkusanyiko mzima wa muziki wa nyumbani, ila kwa sharti moja: kadi zipangwe kwa akili. Wengi wanamaliza nguvu zao kwenye waya, kisha kadi wanazitengeneza harakaharaka, na baada ya muda kisanduku kinakaa kabatini.

Toniebox na Yoto, visanduku vya aina hii vinavyouzwa vikiwa tayari, zipo madukani, na zimetengenezwa vizuri. Lakini zote mbili zinategemea Wi-Fi na seva za kampuni yenyewe, na rekodi zako unazipitisha kwenye akaunti yao. Toniebox hutumia sanamu ndogo badala ya kadi, na ile ya kuwekea rekodi zako mwenyewe inabeba dakika 90. TonUINO inakupa folda 99, kila moja faili hadi 255, na hakuna anayekuuliza muziki umeutoa wapi.

Vipuri ni hivi: Arduino Nano (bodi ndogo inayoendesha programu), kicheza MP3 cha DFPlayer Mini, kisoma kadi cha RC522, spika moja ya ohm 4 na wati 3, vitufe vitatu, rezista ya kilo-ohm 1, kadi ya microSD ya kuwekea nyimbo, isiyozidi GB 32 na iliyofomatiwa kwa FAT32, na kadi tupu za MIFARE Classic 1K, ndizo mtoto anazoweka juu ya kisanduku, kila moja ikifungua folda yake ya nyimbo. RC522 inaingia kwenye pini 9 hadi 13 za Nano, DFPlayer kwenye pini 2, 3 na 4, vitufe kwenye A0, A1 na A2. Rezista inakaa kwenye waya unaotoka pini 3 kwenda RX (pini ya kupokea amri) ya DFPlayer. Usiiruke: bila hiyo spika inavuma hata muziki ukiwa umesimama. RC522 ni ya volti 3.3 tu, ukiilisha volti 5 umeiua. Kama Nano yako ni ile ya bei nafuu yenye chipu ya CH340 na programu inagoma kupanda, weka draiva ya CH340, kisha kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kupakia Nano) chagua kichakataji chenye maneno "Old Bootloader". Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kosa la kawaida sokoni ni kununua kadi za 125 kHz, zile za milango ya ofisi. Kwa macho hazina tofauti, lakini RC522 inasoma 13.56 MHz tu. Muuzaji akisema "zote ni RFID" (kadi zinazosomwa kwa mawimbi ya redio), mwombe ijaribiwe kwa simu yenye NFC: simu isipoitambua, iache. Pia kisomaji hakivumilii chuma. Kiweke mbali na sumaku ya spika, na juu yake uweke plaiwudi nyembamba ya milimita 3 au 4. Ubao mnene unamfanya mtoto azungushe kadi akitafuta mahali inaposhika, na hapo uchawi wote umeisha.

Kwenye umeme kuna mtego. Pawa benki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo, na kisanduku kikiwa kimya kinakula kidogo sana. Tafuta isiyojizima. Na kama kisanduku kinajiwasha upya sauti ikipanda, volti inashuka ghafla: kapasita ya 1000 µF kati ya volti 5 na ardhi (GND) inatuliza hali hiyo.

Mafaili yanataka nidhamu. Folda za kwenye microSD ziitwe 01 hadi 99, nyimbo 001.mp3 na kuendelea. Nakili moja baada ya nyingine kwa mpangilio, kwa sababu baadhi ya DFPlayer za kuiga hufuata mpangilio wa kunakili badala ya majina. Wanaotumia Mac wajue kwamba kompyuta hiyo inaacha mafaili yaliyofichwa yanayoanza na "._", nayo yanahesabiwa kama nyimbo. Matokeo yake ni nyimbo za kimya katikati ya albamu. Yafute kabla ya kuitoa microSD kwenye kompyuta.

Sasa kadi zenyewe, maana hapa ndipo mtoto anapokutana na muziki. Usigawe mkusanyiko kwa albamu kama kabati la mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hajui mwimbaji ni nani wala wimbo ulitoka lini, anajua anachokisikia. Mimi nagawa kwa ala na kwa shughuli: kadi ya ngoma, ya marimba, ya zeze, ya zumari, ya kulala, ya kurukaruka. Picha ionyeshe kitu kinachosikika, kimoja tu, kikubwa, juu ya rangi moja inayojaza kadi nzima. Picha ya uso wa mwimbaji haimwambii mtoto chochote. Rangi nayo ina kazi: kadi zote za hadithi njano, za kulala buluu, ili mkono uchague kabla jicho halijatazama vizuri. Karatasi ya stika ikatwe milimita 85.6 kwa 54, ukubwa wa kadi ya benki. Epuka stika zenye utando wa fedha unaong'aa, zinaziba mawimbi.

Taarabu inahitaji uangalifu wa pekee. Wimbo wa taarabu ya asilia unaweza kupita dakika kumi, na mtoto hasubiri. Toa kipande cha dakika moja au mbili ambapo ala ya nyuzi kama kanuni au udi inasikika peke yake, au bashraf nzima ya Kizanzibari, yaani muziki wa ala usio na maneno, ndipo uweke wimbo kamili mwishoni mwa folda. Anayevutwa na kipande ataufikia wimbo mwenyewe.

Kila kadi hupewa modi, yaani namna ya kuicheza folda yake, na hapo ndipo modi za "kuanzia-hadi" zinapong'ara. Folda moja ya taarabu inaweza kuwa na kadi kadhaa: moja inafungua faili 1 hadi 6 za udi, nyingine 7 hadi 12 za kanuni, ya tatu inachanganya. Modi za msingi ni wimbo mmoja kwa bahati nasibu, albamu kwa mpangilio, kuchanganya bila mpangilio, wimbo mmoja maalumu, na kitabu cha kusikiliza kinachokumbuka ulipoishia. Hii ya mwisho inakumbuka faili, haikumbuki dakika, kwa hiyo hadithi ndefu ikate vipande vya dakika tano hadi kumi. Kumbukumbu inakaa kwenye Nano kwa kila folda: kadi mbili za folda moja zitavurugiana.

Kadi za kubadili tabia ya kisanduku ni raha nyingine. Ipo inayokatiza muziki ghafla ili watoto wagande kama sanamu, ipo ya kuzima baada ya dakika 5, 15, 30 au 60, ipo inayofunga vitufe kwa wadogo sana. Nisiyokosa kuiweka ni ya chekechea: kadi mpya inasubiri wimbo unaopigwa umalizike. Bila hiyo, watoto wawili wanapokonyana kisanduku na hakuna wimbo unaovuka sekunde kumi.

Sauti kikomo chake cha juu kinaanza kwa 25 kati ya 30, na kwa sebule ya kawaida hiyo ni nyingi. Bonyeza vitufe vyote vitatu kwa pamoja, ingia menyu ya msimamizi, uishushe. Kitufe cha mbele au cha nyuma kikibonyezwa kidogo kinaruka wimbo, kikishikiliwa kinapandisha au kushusha sauti. Unaweza kugeuza mpangilio huo, na kwa wadogo nashauri ugeuze, kwa sababu wanabonyeza bila kukoma na nyimbo zinakimbia.

Udhaifu mkubwa kwetu ni maelekezo ambayo kisanduku hutamka unapokipanga, yanakuja kwa Kijerumani. Lakini ni faili za MP3 tu, kwenye folda za mp3 na advert, kwa hiyo yarekodi kwa Kiswahili ukibakiza namba za majina zilezile. Anza na namba moja hadi 99 zinazosomwa unapochagua folda, na uziweke katika folda zote mbili. Msomaji awe mtu ambaye sauti yake watoto wanaijua.

Nyuma ya kila kadi andika kwa kalamu namba ya folda na modi. Kadi ikipotea au ikitafunwa, weka kadi tupu juu ya kisanduku, chagua folda kwa vitufe, kisha modi, bonyeza kuthibitisha. Kilichobaki ni kubandika picha mpya.